Ng'ombe wa Mama Mkwe na Diski Mpya

Jumamosi, 7 Juni
Historia na iandike: leo saa nne na robo asubuhi nimefungua skrubu ya kwanza ya mashine yetu ya gemu. Shahidi ni mke wangu, aliyeuliza kama nitairudisha au itakaa kwenye kopo pamoja na zile za pasi.

Mpango ni huu. Kinyozi wa mtaani ana mashine mpya kuliko yetu, wateja huichezea wakisubiri zamu. Lakini haina nafasi. Akitaka gemu mpya lazima afute nyingine. Yangu nitaitia diski kubwa, feni isiyo na kelele, niongeze pedi mbili za kuchezea zilizofutwa jasho na mkoba wa kubebea. Kifurushi kamili! Tubadilishane tu. Kinyozi kaniambia: mzee, ilete Jumanne niione, maneno hayanyoi.

Kikwazo ni mama mkwe. Alikuja kuuguza goti, huu mwaka wa tatu, na anafuga ndani ya mashine hiyo. Ng'ombe mia mbili na kumi na wawili, kila mmoja na jina lake. Kakubali kuhamia mashine ya kinyozi kwa sharti moja: wahame wote. “Baba, akipotea hata ndama, mimi na wewe tutajuana.” Nikaitikia ndiyo mama, kwa sauti ya mtu aliyewahi kufanya kazi hii. Sijawahi.

Jumapili, 8 Juni
Ndani ya mashine nimekuta vumbi la kutosha kupandia maharage. Nikapuliza. Lote likanirudia kichwani. Mke akapita, akaniambia shikamoo babu. Nikajipangusa. Feni mpya imeingia. Skrubu moja imebaki. Haina umuhimu.

Kunakili gemu kwenye flashi: saa sita nzima. Imejaa pomoni! Chini ya orodha ya mafaili kumebaki kitu kidogo kama punje ya ulezi, kina jina la mama mkwe. Nikatafakari kitaalamu. Ng'ombe wote wale hawaenei humo, hata kwato zao hazienei. Takataka hiyo. Nikakiacha.

Kisha diski ya zamani nikaifuta yote, iwe nyongeza kwenye kifurushi. Akili ninayo, jamani.

Jumatatu, 9 Juni
Mungu wangu! Mashine imewaka, kimya kabisa. Gemu ya shamba ikafunguka na kunikaribisha: mkulima mpya, unaitwa nani? Ardhi tupu. Kuku mmoja.

Mama mkwe akaja na miwani yake. Nikamwambia ng'ombe wako njiani, ni wengi, wanaingia mmoja mmoja. Akasema basi atawasubiri. Na akawasubiri! Saa mbili nzima, mikono mapajani, akimtazama yule kuku. Mke akauliza kutoka jikoni wamefika wapi. Namjua. Alikuwa anacheka.

Jumanne, 10 Juni
Fundi wa kompyuta kaikagua diski ya zamani. Hakuna kitu. Kaniuliza nani aliyeifuta hivi. Nikasema jirani yangu mmoja, mbishi sana.

Kinyozi, kwa upande wake, kaipenda mashine! Feni kaisifu, nafasi kaisifu, anataka tubadilishane leo leo. Nikarudi mbio na habari njema. Mama mkwe kasema mashine haivuki mlango huu mpaka ng'ombe wake warudi. Nimeanza kutaja umeme uliokatika. Haukukatika.

Alhamisi, 12 Juni
Humu hasomi mtu, niseme kweli. Kile kitu kidogo ndicho kilichokuwa shamba lenyewe, miaka mitatu yote. Nilikiona, kina jina lake, nikakiacha kwa mkono wangu kwa kudhani najua.

Jana nilimwambia mama mkwe. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliuliza tu kama yule ndama mwenye doa, aliyezaliwa wiki ile goti lilipokataa kabisa kukunjika, naye yumo kati ya waliopotea. Nikasema naye yumo, mama. Kisha akanipa pedi ya pili, akasema yeye atapanda majani, mimi nichimbe mtaro. Tumefikisha ng'ombe wanne. Kasema nachimba kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza.

Ila nimegundua jambo. Tukivuna, picha inakwamakwama kidogo. Kesho asubuhi mama anakwenda kupimwa goti. Nitaifungua mashine dakika kumi tu, hatajua. Kunakili kwanza? Ya nini? Ng'ombe wenyewe wanne, nimewashika kichwani.