Kahawa Nyeusi ya Mwika

Jamani, leo nimeadhirika! Mbele ya wazee wa watu, tena nikiwa nimechomekea.

Nawaandikia kutoka intaneti hapa Moshi mjini. Jamaa wa kompyuta ya pili ananichungulia, acha achungulie. Mnanijua mimi mtoto wa Tanga, kahawa nimeianza kabla ya meno (mama anakataa, majirani wanajua). Kazi imenileta huku kutengeneza mashine za fotokopi, na kesho alfajiri narudi. Nikajiapiza: siondoki kwenye mlima wa kahawa bila kunywa kahawa.

Hoteli ya kwanza. "Dada, kahawa ipo?" "Ipo kaka." Akaleta maji ya moto na kopo la unga. Hoteli ya pili, kopo. Ya tatu, kopo lilelile, nadhani wanaazimana! Nikamuuliza mhudumu, mibuni yote ile niliyoiona njiani, kahawa yake inakwenda wapi?

"Ulaya," akanijibu. "Nikuletee chai?"

Sitaki chai! Mafundi wenzangu wakakata tamaa, wakaagiza soda. Mimi nikaulizia weee, hadi muuza magazeti akaniambia kuna mama kule Mwika kafungua kimgahawa chake. Anakaanga mwenyewe, anatwanga mwenyewe. "Ukipita kanisa, nyumba ya bati la kijani. Harufu itakupokea."

Nikapanda gari, nikashuka kanisani. Mabati ya kijani yako kila upande! Lakini harufu ya kahawa inayokaangwa haikunidanganya, nikaifuata kwenye migomba, pua mbele. Nikatokea uani kwa watu: mabenchi, meza ina kitambaa, vikombe vimepangwa, wazee wamevaa makoti. Nikasema moyoni, mgahawa huu una wateja wa heshima.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, karibu baba. Mbona peke yako?"

"Wenzangu wamebaki mjini, wamekata tamaa. Mimi nimesema lazima nifike."

Wakatikisa vichwa, wameridhika kabisa (ningejua!). Mzee mwenye kofia, aliyekaa katikati, akakohoa. "Haya, tueleze unatafuta nini."

Mgahawa gani unamhoji mteja? Nikadhani ndiyo desturi ya huku. Nikasimama.

"Mzee, nimezunguka mji mzima sijaipata. Kila nyumba wananiletea ya kopo. Nikaambiwa kwenu ipo ya nyumbani, mmeilea wenyewe."

"Eeeh!" wakaitikia. Mama mmoja akapiga kigelegele. Kichwa kikanivimba.

"Unaitaka ya namna gani?"

"Nyeusi, mzee, iliyoiva barabara. Isiwe imechanganywa."

"Huyu anajua kusema!" akanong'ona mzee wa pembeni.

"Na ukishaipata?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Nani anyamaze? Mimi?

"Kwanza nionje. Ikinikolea, jioni hii hii nawaleta wenzangu nao waonje. Isiponikolea, namwaga, naendelea na safari."

Ndani kikombe kikavunjika. Mzee wa kofia akainuka na fimbo yake.

"Ummwage binti yangu?"

"Binti yupi? Mzee, mimi naagiza kahawa!"

Posa, ndugu zangu! Wazee walikuwa wakingoja washenga, na mnajua mshenga hamtaji binti, anasema kwa mafumbo: ua, mtetea, ndizi mbivu. Mimi nikaja na kahawa.

Kama hiyo haitoshi, washenga wenyewe wakaingia na suti zao na ndoo ya mbege, ile pombe ya ndizi. Walichelewa, gari lao lilipata pancha. Mzee akawatazama, akanitazama. "Mmetoka wapi?"

"Mjini, baba."

"Ndio hao wenzako unaotaka waje kuonja?"

"Hatumjui huyu!" Mshenga mkuu alitaka kulia. Mzee akasema rudisheni mbege yenu, posa imekufa. Nilitamani ardhi inimeze. Mtu anakosa mke kwa sababu ya kikombe changu!

Ndipo mama mmoja akatoka jikoni mbio, mwiko wa kukaangia mkononi. "Kaka, mwacheni! Huyu ni mteja wangu, mgahawa nimeufunga kwa ajili ya shughuli hii!" Kumbe ndiye mwenye kimgahawa, na ndiye shangazi wa binti. Akachuma jani la sale uani, akanipa. "Shika, piga magoti, omba radhi. Huku kwetu aliyeshika sale hafukuzwi."

Nikapiga magoti, suruali ya kazi na udongo wa Mwika. Nikaomba radhi kwa mzee, kwa washenga, kwa ukoo. Mzee akanitazama, akaitazama sale. Mara mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka hadi kofia ikaanguka, na uani kote wakaangua kicheko.

Binti akatoka ndani, kikombe mkononi, mvuke unapanda.

"Nyeusi, iliyoiva, haijachanganywa. Onja, kaka, kisha uondoke."

Nimeonja. Wallahi sijawahi kunywa kahawa kama ile, na nililia kidogo (moshi wa jikoni).

Posa imekubaliwa. Na mimi nimealikwa harusini, kwa sharti moja la mzee: nikifika, mdomo niufungue kwa kunywa tu.