Sinema Juu ya Kichwa cha Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Juni
Balaa! Baba mkwe, mwenye nyumba na mkaaji wa ghorofa ya chini, kapanda ngazi na chokaa kichwani. Kisa ni spika langu jipya la besi. Mimi juu natazama filamu ya vita, yeye chini anakunywa chai, dari ikamdondokea kikombeni. Katoa hukumu: Jumamosi saa tisa mchana atatega sikio. Akisikia kitu, chumba changu cha sinema anapewa shemeji, mdogo wake mke wangu, aweke vyerehani vyake. Shemeji hakungoja hata jioni. Kaja na utepe kupima dirisha. Eti mapazia!

Jumanne, 3 Juni
Nimemwita fundi wa studio. Kagonga sakafu kwa kisigino, kasikiliza kama daktari. Akasema mlio unapita kwenye mbao zenyewe. Kwa hiyo sakafu mpya ikae juu ya vipande vya mpira, isiguse ukuta, wala msumari usitoboe mpaka chini. Siku nne, watu watatu. Nikamshukuru, nikamsindikiza hadi getini. Maneno mengi mno! Kitu laini chini, mbao juu, basi.

Jumatano, 4 Juni
Kazi imeanza. Nimepasua godoro la wageni, nikatandaza vipande. Juu yake trei za mayai themanini na mbili, nilizoomba kwa mwoka mikate. Kisha mbao. Nikakanyaga. Sakafu ikayumba kama mlevi, nikaanguka mara mbili. Dawa nimeipata: misumari ya inchi sita. Nimegongomea mpaka ikashika adabu. Fundi wa nini tena?

Alhamisi, 5 Juni
Nilifunga mlango ili nipigilie mbao za mwisho pale kizingitini. Kumaliza, navuta mlango, wapi! Sakafu imepanda shubiri nzima, na mlango unafungukia ndani. Nikanong'ona: jamani, nimekwisha.
Sauti ikatoka chini ya miguu yangu: "Umekwishaje, mwanangu?"
Nikainamia mbao. Nikasema shikamoo, baba. Akaitikia marahaba, wazi kabisa, kama tumekaa meza moja. Shemeji ndiye aliyekuja na msumeno kukata mlango kwa chini. Anakata huku anaimba. Mke wangu hakucheka. Aliuliza tu godoro la wageni liko wapi.

Ijumaa, 6 Juni
Nimeamka na akili mpya. Sakafu ikigoma kuziba, ziba sikio! Nimempelekea baba mkwe zawadi, redio yangu kubwa. Nikaifungulia mpaka mwisho, nikamwambia hivyo ndivyo inavyonoga. Mzee kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema tangu mama mkwe afariki, huko chini kumekuwa kimya mno. Nikaona haya. Kidogo. Kisha nikapanda kuchagua filamu.

Jumamosi, 7 Juni
Saa tisa kamili. Redio inanguruma chini, mimi juu na filamu ya upelelezi. Dakika ishirini za raha tupu. Ghafla, redio kimya! Kumbe shemeji kakaa na baba yake kama shahidi, kaizima ili mzee asikie vizuri. Nikaruka kupunguza sauti, nikajikwaa kwenye waya, nikaangukia spika. Kishindo chake sijapata kukisikia.
Baba mkwe akapanda polepole. Hana hasira. Akasema ahadi ni ahadi, chumba ni cha shemeji. Nikainamisha kichwa. Lakini hakuondoka. Akasimama mlangoni anakuna kidevu.
"Hata redio ikinguruma nimefuata yote, mpaka daktari alipopigwa risasi," akasema. "Hebu niambie, nani kamuua?"
Nilikuwa na uchungu. Nikamjibu samahani baba, filamu imekatika. Akashuka.

Jumapili, 8 Juni
Vyerehani vimeingia. Shemeji kaisifu sakafu, eti laini miguuni. Mke wangu kanishauri nihamishie runinga sebuleni kwa baba, nitazame naye. Huko hakuna wa kumsumbua, na mzee tangu jana hajatulia, anataka kumjua muuaji. Ajabu! Mimi naumiza kichwa kwa mambo ya kuzuia sauti, yeye ananiletea habari za kukaa na watu.
Suluhisho ninalo. Bafu letu lina sakafu ya zege. Mke wangu anaoga dakika kumi tu kwa siku, saa zote zilizobaki chumba kile kinakaa bure. Nimekwishapima. Spika linaenea, runinga inaenea. Sinki tu ndilo itabidi litoke.