Nilivyotolewa Kwenye Buti Kariakoo

Jamani, leo nimetolewa kwenye buti ya gari ya mume wa mtu. Kariakoo. Saa sita mchana, jua linawaka, watu wamejaa. Ngojeni nieleze kwanza kabla hamjanihukumu.

Wengi mnajua mimi ni fundi magari. Kagereji kangu kako Msimbazi, kana miezi minne, na kila anayeingia akinikuta anauliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" (Nimeshazoea. Uongo, sijazoea.) Sasa leo asubuhi akaja Bwana Nassor, yule anayeuza vitambaa kwa jumla Kariakoo. Kaja na gari ya michezo, nyekundu, viti viwili, injini inanguruma mpaka kuku wa jirani wakaingia ndani.

"Dada Neema," akaniambia, "hii gari ukiikanyaga mafuta inayumba mkia. Inataka kunigeuza. Nimezunguka kwa mafundi watatu wameshindwa. Ukiiweza wewe, tutakupa na zile Kirikuu zetu nne, pikapu ndogo za kusambazia mzigo, uwe unazihudumia. Ila mwenye uamuzi ni mke wangu, Bi Rukia."

Kirikuu nne! Yaani kazi ya uhakika kila mwezi, na mtaa mzima utajua fundi ni nani. Nikajibu bila hata kufikiri, "Kaka, umefika." (Huu mdomo wangu huu.)

Tukaenda nayo Jangwani, mimi kwenye usukani. Barabara ilipofunguka nikakanyaga. Mama yangu! Nyuma ikaenda kulia, mimi moyo ukaenda kushoto, Bwana Nassor pembeni anasoma dua kwa sauti. Nikarudi gereji mdogo mdogo nikaipandisha jeki.

Bushi nzima. Shokapu nzima. Alaimenti imenyooka. Boliti nimezishika moja moja, zimekaza. Tairi nikazitupia jicho tu, kashata za kushikia barabara zimejaa, zinang'aa, nikapita. Mpaka saa tano jasho linanitoka na jibu sina. Kumwambia mteja "sijui" nikaona haiwezekani, bora nife.

Ndipo nikapata wazo. (Hapa ndipo mngekuwepo mngenishika mkono.) Nikamwambia, "Kaka, sasa endesha wewe. Mimi naingia kwenye buti niisikilize ekseli kwa karibu."

Akanitazama. "Utaenea?"

Swali gani hilo la kumuuliza mwanamke? Nikaenea. Kwa kujikunja na kubana pumzi, goti liko sikioni, lakini nikaenea. Mfuniko tukaufunga kwa kamba ubaki wazi kidogo nipate hewa. Tukakubaliana nikigonga mara mbili anasimama. Simu yangu nikaiacha kiti cha mbele.

Jangwani tena. Akakanyaga. Kimya. Akakanyaga zaidi. Gari imetulia tuli, hata kuyumba haiyumbi! Nikawa nashangaa humo ndani, mara tukapita tuta, kamba ikakatika, mfuniko ukaruka, ukashuka, pa! Ukajifunga.

Giza. Nikagonga mara mbili. Gari inaenda. Nikagonga mara kumi. Gari inaongeza mwendo!

Yaliyotokea kule mbele nimekuja kuambiwa baadaye. Bi Rukia alikuwa amepiga simu: wateja wa Tabora wamefika dukani, na funguo za stoo Bwana Nassor kaondoka nazo. Huyu baba akipigiwa na mkewe anasahau hata jina lake. Na kugonga kwangu kote alidhani gari imepata ugonjwa mwingine.

Gari ikasimama. Nikasikia honi, wapiga debe wa nguo, spika inalia "bei ya kutupa". Mlango ukafungwa, hatua zikaondoka. Kaniacha! Nikapiga ule mfuniko kwa ngumi na visigino. "Nipo humuuu!"

"We! Hii buti inaongea!"

"Kuna mtu humo!"

"Katekwa! Iteni polisi!"

Dakika moja tu, Kariakoo yote imehamia pale. Halafu nikasikia sauti ya mwanamke, imetulia, ile ya kuogopesha. "Nassor. Fungua hiyo buti."

"Astaghafirullah! Nimemsahau!"

"Umemsahau nani?"

Ikafunguliwa. Mwanga ukanipiga usoni. Grisi shavuni, kilemba shingoni. Dada mmoja akapiga kelele, "Mchepuko! Anamficha kwenye buti!" Simu zikatoka. Nikajitahidi kushuka kwa heshima, kumbe miguu yote imekufa ganzi. Nikakaa chini kwenye lami, pu, kama gunia la mchele.

Bi Rukia kakunja mikono. Nikamwangalia kutoka kule chini. "Shikamoo, mama."

Marahaba haikuja.

"Wewe ni nani?"

"Fundi."

"Fundi wa nini, mwanangu?" Watu wakaangua kicheko.

Bwana Nassor akaruka, "Wa gari, wallahi! Tumetoka kuijaribu, na sasa imetulia kabisa!"

"Kaifanya nini?"

"Hajaifanya kitu. Kakaa tu kwenye buti."

Watu wote wakanigeukia. Wakaniangalia kuanzia kichwani, wakashuka, wakafika kiunoni wakatua hapo. Na mimi akili ikafunguka palepale! Jibu nimelipata, ila kulisema ni kujichoma mwenyewe. Nikazifikiria zile Kirikuu nne. Nikasimama.

"Mama, hii gari inasukumwa na tairi za nyuma. Nguvu ni nyingi, mkia mwepesi, tairi haziishiki barabara. Leo zimeishika kwa sababu... nilizikandamiza mimi."

"Kwa kilo ngapi?" akauliza kaka mmoja huko nyuma. (Mungu anamuona.)

"Tisini na sita."

Walishangilia hao! Ungedhani timu ya Msimbazi imefunga goli la dakika ya mwisho.

Nikainama kwenye tairi, nikabonyeza kwa ukucha. Gumu, halibonyei. Nikasoma namba ya pembeni. "Mama, hili lilitengenezwa mimi nikiwa kidato cha pili."

Bi Rukia akamgeukia mumewe. "Si ulisema umenunua mpya?"

"Muuzaji aliniambia hazijatembea."

"Ni kweli hazijatembea," nikasema. "Zilikaa stoo mpaka mpira ukakauka."

Mama akatazama tairi, akamtazama mumewe, akanitazama mimi. Akaanza kucheka mpaka akaegemea marobota ya vitenge, machozi yanamtoka. Alipopata pumzi akasema, "Marahaba, fundi. Hao mafundi watatu wangeshika na tairi, wangeliona tatizo. Kesho saa mbili njoo uanze na Kirikuu zangu. Zile hazina buti, utakaa mbele kama watu."

Nimefurahi jamani, nimerudi gereji nacheza peke yangu! Ila video imeshanifikia mara nne. Ya nne katuma mama yangu mzazi, kaandika tu, "Neema, huyu ni wewe?"

Sijamjibu. Na ninyi mnaocheka, gari zikiwazimikia njiani msinitafute.