Mlezi wa Kwaya Aenda Mashindanoni

Jumatatu, 3 Juni

Nimeteuliwa! Mwalimu mkuu ametangaza mbele ya walimu wote kwamba mlezi wa kwaya ya kuimba na kucheza ni mimi. Kaongeza kwamba kazi ya mlezi ni sare, maji ya kunywa na basi. Hayo ni madogo madogo. Mlezi ni mzazi, na mzazi ndiye mwenye kwaya.

Jumamosi ni mashindano, ya kwanza kwetu tangu shule ijengwe. Tukiaibika, kasema mwalimu mkuu, kwaya inavunjwa na ukumbi wanapewa wacheza mpira wa meza. Sauti zinafundishwa na mwalimu wa muziki. Hatua za kucheza zinafundishwa na mwalimu wa michezo, ambaye wanafunzi humwita Bwana Filimbi kwa sababu hata chai anakunywa na filimbi shingoni. Eti yeye ndiye atasimama mbele kuongoza. Mruka viunzi! Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nani anajua kuelekeza watu kuliko mimi?

Nimemwambia mke wangu nitakuwa kondakta. Kauliza wa basi gani.

Jumanne, 4 Juni

Mazoezi. Mwimbaji wa mbele ni binti yangu, kitindamimba wetu. Sauti anayo. Akiimba bafuni majirani wanazima redio. Mbele za watu anageuka gogo. Leo kasimama, kafungua mdomo, kimya. Wenzake nao wakakauka kama nguo kambani.

Nikaona upenyo. Nikatangaza kwamba kosa ni la hatua za Bwana Filimbi, ngumu mno, hebu watazame zangu. Moja kulia. Moja kushoto. Nikazunguka. Suruali ikasema paa!

Nimemalizia mazoezi nikiwa nimekaa. Bwana Filimbi kanifunga koti lake kiunoni, taratibu, bila kucheka. Mnafiki mkubwa.

Njiani binti yangu kaniomba Jumamosi nikae tu kwenye kiti kama baba za wenzake. Kasema akiniona nimesimama tumbo linamkata. Maskini, anamhurumia baba yake asichoke. Nimemwambia aniachie mimi.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wa leo ulikuwa hauna kasoro. Nilimwambia Bwana Filimbi kwamba ukumbi unapigwa rangi, kwa hiyo mazoezi ni uwanja wa nyuma. Kisha nikamwambia mwalimu wa muziki awalete watoto ukumbini, kwangu. Wakaja wote. Nikapanda juu ya kiti, nikainua mikono.

Nilisahau jambo moja. Bwana Filimbi ana filimbi.

Aliipuliza mara moja tu huko nje. Watoto wakatoka mbio kama kuku walioitiwa mtama, na mwalimu wa muziki nyuma yao, kashika sketi. Nikabaki na viti. Nimeviongoza nyimbo mbili. Vina nidhamu.

Dirishani nilimsikia binti yangu. Huko uwanjani kila mtu alitazama miguu yake, hakukuwa na macho ya kumtazama, akaimba akitazama mawingu. Nikasahau kukasirika kwa kitambo kizima. Halafu nikakumbuka.

Ijumaa, 7 Juni

Shemeji, mdogo wake mke wangu, fundi cherehani, kaleta sare za watoto. Chini ya sare, kwa siri yetu sisi wawili, kaleta joho langu. Mahameli nyekundu! Linaburuzika chini! Kauliza, "Shemeji, kwani unatawazwa?" Nimemwambia ni kitu cha kufanana na hicho.

Kesho nitajificha kwenye mikunjo ya pazia la jukwaa. Likifunguka tu, nachomoka. Bwana Filimbi atakuta mahali pamejaa. Naye ni mtu wa heshima, hataweza kunisukuma mbele ya majaji.

Jumamosi, 8 Juni

Pazia la ukumbi wa mashindano nalo ni mahameli nyekundu. Nikaona hiyo ni bahati.

Nilijificha vizuri mno. Mvuta kamba hakuniona. Pazia lilipoanza kufunguka, kishikizo cha joho langu kikang'ang'ania ndoano ya pazia, na mimi nikaondoka nalo. Kinyumenyume! Jukwaa zima, upana wake wote, mikono ikipepea, kiatu kimoja kimebaki katikati. Nikafika ukingoni nikakwama, nimesimama kwa ncha za vidole, ukumbi mzima unanitazama.

Binti yangu kasimama mbele, mdomo wazi, gogo lile lile. Akageuza shingo akaniona. Nikajua hapa analia, na nimemliza mimi.

Akacheka.

Kicheko cha bafuni kabisa! Kikawapata wenzake, kikawapata watu, jaji mmoja akavua miwani afute macho. Bwana Filimbi akainua mkono, na binti yangu akaanza kuimba na kicheko bado kipo kooni. Sijui niandike nini. Nywele zilinisimama. Walicheza kama watu waliosahau kwamba wana mifupa. Na mimi, kutoka pale nilipoangikwa, niliwaongoza mpaka mwisho.

Wa pili! Kwaya haivunjwi! Majaji wamesifu "kichekesho cha ufunguzi".

Nyuma ya jukwaa binti yangu alinikumbatia mpaka joho likachanika. Akasema, "Baba, nilivyokuona pale nikajua aibu yote ya leo umeshaichukua wewe. Mimi sikubakiziwa hata kidogo."

Nililia. Niliwaambia watu ni vumbi la pazia.

Jumapili, 9 Juni

Mwalimu mkuu kapiga simu. Kashukuru sana, kisha kasema kuanzia sasa nishughulikie maji peke yake. Yaani ananipunguzia mzigo nipate nafasi ya sanaa. Bwana Filimbi kaniletea kiatu changu, kanishauri tuliache jambo lilivyo, tumshukuru Mungu. Wivu haujifichi.

Nimelitafakari kutwa. Nimepita tu jukwaani, tumekuwa wa pili. Je, ningeshuka kutoka juu?

Jioni nimemuuliza fundi seremala kama paa la ukumbi wa shule linaweza kumbeba mtu mzima mwenye kamba kiunoni. Kauliza ni mtu gani huyo. Nimemjibu ni swali la kijiografia tu.

Kasema linaweza, kama ni mwembamba. Kuanzia kesho sili chakula cha jioni.