Kuhifadhi Nyama ya Pori

Jumapili, 1 Juni
Tangazo kanisani! Mafunzo ya kazi, mwaka mzima, mshahara kila mwezi, na mlezi mzoefu wa kukuelekeza. Wanataka mhitimu mmoja tu wa Kolwezi, wa "kuhifadhi nyama ya pori". Usaili Ijumaa, saa mbili asubuhi. Diploma yangu ya biashara imekaa miaka mitatu kwenye fremu. Mama Angèle, mdogo wake mama, ndiye anayenilisha, na amesema nisipopata kazi mwezi huu narudi Kasaji kulima muhogo na mjomba. Mimi! Ngeleka!

Jumatatu, 2 Juni
Jirani yetu Mbelu naye anaomba. Nimemwona akienda ziwani kwa baiskeli, darubini shingoni. Nimecheka hadi mbavu zikaniuma. Nyama inahifadhiwa kwa chumvi na moshi, si kwa darubini! Sijamwambia kitu.

Jumatano, 4 Juni
Nitawapelekea mfano wa kazi yangu. Swala hapatikani sokoni, na nilipouliza, wauzaji walinitazama vibaya. Nimenunua mbuzi. Akishakauka nani atajua? Mama Angèle amenifundisha kukausha, kwa sharti nitwange sombe, majani ya muhogo, wiki nzima. Moshi umeingia kwenye mashati ya jirani mwingine, pasta Donatien, yaliyoanikwa. Amepiga kelele juu ya ukuta: "Ngeleka, unachoma nini, batu?" Eti watu! Nimemsamehe.

Alhamisi, 5 Juni
Nyama imekauka vizuri ajabu. Nimemwambia Mbelu kwamba usaili umesogezwa hadi saa tisa alasiri. Akanishukuru! Nimeona haya kama dakika mbili.

Ijumaa, 6 Juni
Nimefika saa mbili asubuhi. Mbelu alikuwa ameshaketi! Alimpigia simu mlezi mwenyewe, mama Numbi, kuhakikisha saa. Watu hawaaminiani siku hizi.

Mama Numbi aliniuliza nyama gani ya pori ninaijua zaidi. Swala, nikasema. Namhifadhi vipi? Kwanza unamchuna, nikasema. Akaweka kalamu chini. Nikafungua mfuko wangu kwa fahari. Akasimama, akamwita askari wa pori. "Uliuwa hii swala wapi, we mutoto?" Nikaapa ni mbuzi. Hakuniamini hata kidogo.

Aliyeniokoa ni Mbelu. "Mama, iyi ni mbuzi. Mi mwenyewe niliisikia inalia kwabo juzi." Mama Numbi akaonja kipande, kwa uchunguzi. Mbuzi kweli. Askari naye akachunguza. Walichunguza hadi mfuko ukabaki mtupu.

Jumamosi, 7 Juni
Nafasi amepewa Mbelu. Roho imeniuma sana. Amekuja kunieleza, kwa upole, kwamba nyama ya pori hapa ni wanyama wenyewe, na kuwahifadhi ni kuwalinda wakiwa hai, huko huko porini. Hai! Si wangesema basi? Mama Angèle ameshaulizia nauli ya Kasaji.

Jumapili, 8 Juni
Mungu yupo! Tangazo jipya: mhitimu mmoja, mshahara, mlezi, "kuhifadhi samaki wa ziwa". Tulipotoka kanisani Mbelu alinishika mkono, akanikumbusha kwamba neno ni lile lile na maana ni ile ile. Msichana mwema, lakini samaki ni jambo lingine kabisa. Nani alishawahi kuhifadhi samaki akiwa hai?

Nimenunua chumvi kilo tano.