Kilio Kilichofanyika Juu ya Fotei Zangu za Kuuza

Kapata, Ijumaa

Kwa Tata Omer Tshiamala, Shefu wa Kartye, mkubwa wa mtaa wetu
Kuhusu: kufa kwangu siku ya Jumanne bila ruhusa yangu, na hasara iliyoipata salo yangu, viti na meza ya sebuleni

Tata Shefu mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, mimi Mama Adolphine Mpoyi, mjane wa Kisimba aliyeendesha mashine kubwa kule mgodi wa Mashamba, mwenye nyumba ya mlango wa kijani katika mstari wa nne. Unanijua tangu ukiwa na kamasi puani. Lakini najitambulisha upya kwa sababu Jumatano asubuhi ulituma mtu kwangu na gunia la makala ya kuwasha moto wa kilio, pamoja na karatasi ya pole yenye muhuri wa ofisi. Muhuri nimeuona, umegongwa vizuri sana. Kwa hiyo upande wa serikali mi ni marehemu, na barua hii unaandikiwa na marehemu mwenye malalamiko.

Ninajitahidi kuandika Kiswahili kile masista walitufundisha. Hasira ikinishika pahali, utanisamehe.

Habari ya safari yangu unaijua. Mtoto wangu Edouard, anayefanya biashara ya mahindi Sandoa, amenitengenezea chumba kwake nikazeekee huko, nami nimekubali. Lori linapita kesho Jumamosi asubuhi. Edouard amesema nilete nguo na sufuria tu, salo haiingii. Nyumba yangu anaingia mpangaji, karani mmoja jina lake Dodo, ambaye ameshapima madirisha kwa ajili ya mapazia yake. Basi kabla ya kesho nilipaswa niwe nimeuza fotei nne, sofa ya watu watatu na meza ya kioo, zote za mbao ya mukula, zilizotengenezwa na mafundi wa kampuni ya mgodi wakati kampuni ilikuwa kampuni. Nikishindwa, zitabaki kwa Dodo, na Dodo atalaza kuku juu yake. Ana sura hiyo.

Jumanne asubuhi nilimwomba Papy na wachimbaji wenzake wa madini wanitolee salo yote uwanjani, ipate jua na wapita njia waione. Jirani yangu Angèle akaipiga picha na telefone yake, akaituma kwenye grupu la kartye, na chini yake akaandika maneno sita: "Salo ya Mama Adolphine iko inje."

Kila neno hapo ni la kweli. Lakini wewe ni mtoto wa Kapata, Tata. Kwetu kifo kikiingia nyumbani, kitu cha kwanza ni kutoa salo inje, wamama wakae chini kwenye mikeka ndani, watata wakae kwenye viti uwanjani. Mtu akiona fotei juani haulizi, anarudi kwake kubadilisha nguo. Angèle anasema hakufikiri. Namwamini, hajafikiri tangu nimjue. Mi wakati huo nilikuwa nimeshapanda pikipiki kwenda mjini kutafuta wanunuzi. Sasa sikiliza nilichofanyiwa.

1. Wauzaji wa vitu vya okazyo, vilivyokwisha tumika, pale mjini. Wa kwanza aliuliza uzito. Nikamwambia sofa inabebwa na wanaume wanne. Akasema siku hizi watu wanataka sofa nyepesi, ambayo mwenye nyumba akija kudai, unaondoka nayo kichwani. Wa pili alisema nimwachie tu, ikiuzwa atanipigia simu. Hakuniomba hata namba.

2. Parokia. Katibu aliniambia matangazo ya Misa ni ya ndoa na ya marehemu tu, fotei si ndoa wala si marehemu. Nikamkumbusha kwamba lile kanisa ninalifagia mimi. Akafunga daftari. Tata, kesho yake kwenye Misa ya asubuhi yule yule alinitangaza mimi, bure, mara mbili, na jina la Kisimba juu, kisha akawaomba waumini waende na viti vyao kwa sababu viti ni vichache! Wakati huo nilikuwa nimeonekana hai tangu jana yake. Habari ya kufa kwangu ilifika parokia kabla chai haijapoa. Ile ya kuwa hai haijafika mpaka leo.

3. Kurudi kwangu. Nilirudi Jumanne saa tisa, nimejifunga kitambaa usoni kwa ajili ya vumbi la yale malori ya madini. Kwenye kona ya mstari wetu nikaona bashi, turubai la kilio, imefungwa kuvuka njia hata mlango wangu hauonekani, moto, watu wengi, bukari inasongwa. Nikauliza mama mmoja aliyekaa pembeni, "Nani alikufa?" Akanijibu, "Mama Adolphine." Nikatua kikapu nikalia. Kuna Adolphine mwingine, yule wa karibu na bomba, mwenye tansyo, damu inampanda. Sikuwa nikimpenda sana lakini nililia vizuri, haki ya mtu. Halafu nikauliza alikufa na nini. Yule mama akafuta kamasi akasema, "Ni mawazo. Hakukuwa anapenda kwenda Sandoa, alikuwa tu na haya ya kuambia mutoto wake."

Nikaacha kulia palepale. Kwanza ni uongo. Mi napenda Sandoa sana. Nimefika mara moja, mvua ikinyesha, na mihogo yao haina kasoro. Pili, nikajua ni mimi.

4. Hotuba. Nilikaa nyuma na kitambaa changu, nia yangu ikiwa kuona kama katikati yao kuna mteja. Badala ya mteja nikamsikia Papy. Papy, dume zima linaloshuka chini ya ardhi bila woga, analia na kamasi: "Huyu mama njo alinipatia bukari mwaka nilifika toka Kasai na kiatu moya!" Naomba iandikwe kwamba sikumpa. Alikaa kwenye fotei yangu na hakusimama mpaka bukari ikaja, na amefanya hivyo miaka sita. Akafuata Angèle: "Alikuwaka na kinywa mubaya, lakini hakuna kilio mu hii kartye yenye fotei zake hazikufika." Hapo watu wakaanza kuvitaja vilio vyenyewe, kimoja kimoja. Mama yake Angèle. Mtoto wa Papy, yule aliyeishi siku tisa. Kisimba wangu. Macho yangu yakafanya mambo yasiyohusu biashara, na hili nalo nalilalamikia, maana ni nani atanunua kiti baada ya kusikia wote waliolilia hapo?

Ningeendelea kunyamaza, lakini Angèle akaongeza kwamba sombe yangu ilikuwaka na chumvi mingi. Nikasimama.

5. Mapokezi. Mtu angefikiri wangefurahi. Wawili waliruka ukuta. Mmoja aliacha meno yake ya bandia juu ya meza yangu ya kioo, yako kwangu, aje ayachukue. Wengine wakakasirika, mi ndiye niliyekosa! Angèle, mikono kiunoni: "Kama uko muzima, juu ya nini ulituacha tulie?" Nikawaomba waende kwao. Wakasema samaki wameshakaangwa na watu wa mbali bado wako njiani. Wamekaa mpaka Alhamisi. Na kwa kuwa mwenye nyumba yuko hai, wakaniagiza mimi nioshe sahani. Kabla ya kuondoka Angèle akanitamkia neno ambalo mpaka sasa halijanishuka: "Tuliisha kulia. Siku utakufa kweli, hatutakuya tena." Je, sheria inaruhusu hivyo?

6. Bidhaa. Fotei zilitoka ndani zikiwa za okazyo, zimerudi za makumbusho. Mafuta ya samaki kwenye mikono ya viti, majivu kwenye kitambaa, na katikati ya sofa kuna bonde lililoachwa na yule msimamizi wako wa bomba la maji, ambaye alikalia huzuni yake siku mbili bila kuhama.

7. Wachimbaji. Kwa upendo, nakubali ni kwa upendo, walijitolea kunichimbia kaburi bure. Lakini walitaka kulichimba ndani ya uzio wa lupango langu, nyuma ya jiko, na mita thelathini kwenda chini. Nilipotokea walikuwa wamefika mita mbili na mmoja ameshika jiwe la kijani, lile la shaba. Waliniuliza kwa adabu kama siwezi kukubali kilio kiendelee kidogo.

8. Kalonji seremala. Huyu ndiye mnunuzi pekee niliyempata wiki nzima. Alizunguka sofa, akaigonga, akainusa, akasema mbao ya namna hii haipatikani tena, anaichukua yote leo leo. Roho yangu ikatulia. Nikamuuliza ataiweka nyumba gani. Akasema haiweki, anaipasua, ni ya sanduku la marehemu. Halafu akaniangalia mimi, kutoka kitambaa mpaka ndala, akauliza kama marehemu alikuwa mrefu kuliko mimi.

Kwa hayo yote, naomba ofisi yako ifanye yafuatayo. Inipe sertifika ya uhai, yenye muhuri mkubwa kuliko ule wa pole. Itangaze kwamba kuanzia sasa salo ikiwa inje inaweza kuwa biashara, na watu waulize kwanza ndipo walie. Imlazimishe kila aliyekaa anunue alichokalia, majina yako kwenye daftari la kilio na sehemu zao za nyuma zimeacha alama. Iagize kwamba hakuna mtu kufa Kapata mpaka kesho saa sita, kwa sababu fotei ni bidhaa na hazikopeshwi. Atakayeshindwa kungoja atumie viti vya ofisi yako. Na kama haya yote ni magumu, kwa kuwa kartye nzima inasema fotei hizi ni zao, basi kartye nzima ihamie Sandoa pamoja nazo. Kwenye lori tutabanana.

Nakuaga nikiwa na pumzi zangu zote. Nisalimie Mama wa kwako, watoto, katibu wako na yule mlinzi asiyeamka. Salamu kwa wote walioleta makala, unga na mikeka. Angèle usimsalimie, nitamsalimia mwenyewe juu ya ukuta.

Wako mtiifu na mzima,
Adolphine Mpoyi, mjane Kisimba

N.B. Leo ni Jumamosi, saa nne. Barua hii ukiisha kuisoma, ichane. Ile karatasi ya mpangaji Dodo iliyo mezani pako usiigonge muhuri, umwambie mapazia yatatosha dirisha lingine. Papy na wenzake wamerudisha salo yote ndani, na lori limepita, nimelipungia mkono. Ni kwamba jana jioni nilimpigia Edouard kumweleza nilivyofanyiwa. Alicheka mpaka telefone ikakatika. Alipopiga tena nikamuuliza kitu kimoja tu: mi nikifika Sandoa, siku moja salo yangu ikionekana inje, batu ba kule bataleta makala na mikeka? Mtoto wangu hajui kudanganya, ndiyo sababu biashara yake haikui. Akasema, "Mama, huku bataulizia bei."