Meno ya Babu Brashi

Basi kahawa haijachemka hata vizuri, Wembe, yule kinyozi mwenye kipara, keshaanza kutusomea simu kijiwe kizima. Asubuhi mteja hana, afanyeje.

"Sikilizeni hii. Kuna binti kachora sura ya mtu, ndevu unazihesabu moja moja, na hakushika brashi wala kamera. Kaandika amri tu."

"Amri za nini?" akauliza Fundi Soli, kiatu cha watu mapajani.

"Zile za kupambia kurasa za mtandao. Hapa weka duara, upana huu, rangi ya udongo. Pale paviringike kidogo. Mistari elfu mbili, inatoka pua."

"Elfu mbili pua tu? Kachora tembo?"

Babu Brashi akavuta kofia usoni. Mzee wa watu kachora mabango ya maduka miaka arobaini, nusu ya mtaa inasomeka kwa mkono wake. Na binti wa kwenye habari ni mjukuu wake mwenyewe. Asubuhi ile kamwambia: babu, karakana yako ya mabango siiwezi, moyo wangu uko huku kwenye kompyuta, nipe ruhusa au ninyime, leo hii. Mzee katoka nyumbani bila kujibu.

"Kuandika si kuchora," akasema mwisho. "Mimi nikiandika 'mbuzi' ukutani, atalia mee?"

"Lakini mzee, wewe ukimfundisha mtu bango unamwambiaje?" Wembe akamsogelea. "Si unasema duara hapa, shusha vidole viwili, tia nyekundu? Na yeye anaiambia kompyuta hivyohivyo."

Brashi akakuna kidevu. Hilo lilimwingia.

"Na mwenye sura ni huyu hapa," Wembe akageuza simu.

Babu Brashi mwenyewe. Kofia yake. Shati lake la madoa ya rangi. Anacheka, meno yamejipanga kama vigae.

"Huyu siye," Soli akakata shauri. "Huyu ana meno."

Brashi akafumba mdomo haraka. Ya mbele yalishamuaga siku nyingi.

"Nirushie kwangu," Soli akatoa simu yake, ile iliyofungwa kwa mpira isimwagike. Ikafikiri, ikafikiri, ikafunguka. Loo. Kofia imehamia kidevuni, sikio liko shingoni, na meno yote yamedondokea mfuko wa shati.

Wembe alimwaga kahawa.

"Sasa ndiye," akasema Soli. "Simu hii inakujua, mzee. Mmezeeka pamoja."

Brashi akaitazama mpaka mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. Akampigia mjukuu.

"Mwanangu, meno yangu yako mfukoni."

"Babu, hiyo simu ya zamani. Haizielewi zile amri."

"Simu ya zamani, mwenyewe wa zamani, na kijiwe chote cha zamani. Bango lisomwe na mwenye macho na mwenye mtoto wa jicho, jua liwake, mvua inyeshe. Sikukufundisha?"

"Ulinifundisha, babu."

"Basi nenda na kazi yako, nimekuruhusu. Ila hayo meno yapigilie misumari."

Upande wa pili kukasikika kicheko, halafu kwikwi ya kilio.

"Usikate," Soli akadandia. "Muulize, Wembe kuota nywele ni mistari mingapi?"

Wembe akainuka, eti kaona mteja. Tukageuka wote kutazama kibandani kwake. Hapakuwa na mtu.